Kubananisha au kuachanisha: nafasi kati ya mimea ya bustani

Mtu anayepanda maua na mboga katika bustani moja ya nyumbani hupokea ushauri wa aina mbili unaopingana. Wapo wanaosisitiza kwamba kila mche upewe nafasi iliyoandikwa kwenye pakiti ya mbegu, na wapo wanaotaka majani yagusane hadi udongo usionekane. Kila upande huzungumza kana kwamba bustani zote hunyeshewa mvua moja.

Wanaotetea kubananisha wana mfano mzuri katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako migomba hutanda juu ya kahawa, magimbi yakakua chini yake na masale yakazunguka mipaka. Hata hivyo, kinachofanya kihamba kifanikiwe ni tofauti ya kimo na ya mahitaji ya mwanga, wala si msongamano wenyewe: kahawa na magimbi huvumilia kivuli, nyanya haivumilii. Kivuli hicho pia huzuia magugu na kupunguza upotevu wa maji ardhini, faida ambayo mkazi wa Dodoma ataithamini kuliko wa Lushoto.

Wanaotetea kuachanisha huegemea zaidi magonjwa, na hapo hoja yao ni nzito. Bakajani chelewa la nyanya hustawi penye ubaridi na majani yasiyokauka. Doa jeusi la waridi nalo huhitaji jani lililolowa kwa takriban saa 7 ili liambukize. Mimea ikibanana, upepo haupiti na umande huchelewa kukauka. Lakini vipimo vya kwenye pakiti, kama vile sentimita 60 kati ya mistari ya nyanya, hukusudiwa shamba la zao moja, ambamo majirani wote huhitaji nafasi kwa wakati uleule. Mchicha uliopandwa kati ya miche ya nyanya huwa umekwisha kung'olewa kabla nyanya hazijatanda, kwa hiyo katika bustani ya mchanganyiko muda nao ni sehemu ya nafasi.

Kati ya maua yanayochanganywa na mboga, marigoldi ndiyo inayosifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba mizizi yake hutoa kemikali inayodhuru minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, lakini kazi hiyo hufanyika vizuri pale inapopandwa kwa wingi, ikafunika tuta zima kwa miezi kama miwili kabla ya zao lenyewe. Miche michache iliyotawanywa kati ya nyanya hupendeza macho, na hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kuipanda. Isipewe tu sifa ya udaktari.

Kwa mimea ya muda mrefu sioni nafasi ya maelewano. Mlangilangi unaouzwa kwenye kiriba ukiwa na kimo cha goti huweza kupita mita 10, na asumini iliyopandwa hatua moja kutoka kwake itaishia kivulini, ikitoa maua machache. Vichaka na miti ipimwe kwa upana wake wa utu uzima, na uwazi wa miaka ya mwanzo ujazwe mrihani au maua ya msimu mmoja. Kwa hayo ya msimu, pwani ningebananisha wakati wa kiangazi, kisha nikapunguza miche kabla ya Machi, masika yanapokaribia.