Jumba la kale la Kiingereza lililokwisha kukarabatiwa: nafuu au mzigo?

Mwaka 2004 serikali ya Uingereza ililitwaa kwa lazima jumba la Apethorpe, mkoani Northamptonshire. Lilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 15, na Mfalme James wa Kwanza alilipenda kiasi kwamba mwaka 1622 aliagiza liongezwe. Katika karne ya 20 liligeuzwa shule ya kurekebisha wavulana, hadi 1982. Kisha likanunuliwa na mfanyabiashara kutoka Libya ambaye hakuhamia, na kwa miaka 20 mvua ikaingia bila wa kuizuia. English Heritage, shirika la serikali la kuhifadhi majengo ya kale, likatumia takriban pauni milioni 8 kuliezeka upya na kuimarisha mwili wake, halafu jumba likauzwa kwa mtu binafsi kwa pauni milioni 2.5, kwa sharti la kuwafungulia wananchi siku 50 kila mwaka kwa miaka 80.

Ukiitazama juujuu, hesabu hiyo inaudhi: milioni 8 za umma zimetoka, milioni 2.5 zimerudi. Lakini ndivyo soko la majumba haya lilivyo. Gharama ya kuliokoa jumba kubwa lililooza karibu kila mara huzidi bei litakayouzwa likishapona, na pengo hilo lazima mtu alibebe. Asipobeba mtu, jumba huanguka. Katika karne ya 20 Uingereza ilipoteza zaidi ya majumba 1,000 ya mashambani kwa njia hiyo, mengi yakibomolewa miaka ya 1950 baada ya kodi za mirathi na gharama za watumishi kuwashinda wenye mali.

Kwa mnunuzi, hitimisho linaonekana rahisi: mwachie mwingine pengo, wewe nunua lililokwisha karabatiwa. Hoja hii ina nguvu kweli. Anayenunua gofu hajui atatumia kiasi gani mpaka dari zifunguliwe. Benki huogopa kukopesha, kampuni za bima huogopa kukinga, na mafundi wa kazi hizi ni wachache na wana foleni. Mfano ni vigae vya mawe vya Collyweston, vinavyotumika sehemu hizo za Northamptonshire. Kwa jadi, jiwe huchimbwa, huachwa nje likiwa na unyevu wakati wa baridi, na barafu hulipasua tabaka kwa tabaka. Majira ya baridi yalipopungua ukali vigae viliadimika, na kwa ajili ya Apethorpe ikabidi mawe yapasuliwe kwa kugandishwa ndani ya mashine. Paa la aina hiyo likiwa limeshaezekwa, umeepushwa na miaka ya kusubiri.

Upande wa pili nao una hoja, na kwa maoni yetu madalali huipita haraka mno. Jumba lililokamilika mwaka jana halijafanyiwa mtihani. Ukuta wa mawe uliolowa kwa miaka hukauka polepole sana. Kadirio la mafundi ni takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukuta wa sentimita 60 unahitaji kama miaka miwili, na ule wa mita moja zaidi ya mitatu. Mwenye haraka ya kuuza hupiga plasta na rangi ya plastiki kabla ya hapo, picha zinatoka safi, na unyevu unabaki umefungiwa ndani. Baada ya baridi ya pili au ya tatu rangi huvimba, chumvi nyeupe hutokeza, na ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza. Mbao ikizidi unyevu wa asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu wana makao. Ndiyo maana jumba lililokarabatiwa miaka mitano hadi kumi iliyopita, likiwa na doa moja mbili za kawaida, ni salama kuliko lile linalonukia rangi mpya.

Mahali pa kuanzia ukaguzi ni juu, na hasa mtaro wa maji uliofichwa nyuma ya ukuta wa ukingo wa paa. Kutoka chini hauonekani. Umetandikwa mabamba ya risasi, ile metali laini na nzito, na maji yake hutoka kwa tundu moja au mawili tu. Majani ya vuli yakiziba tundu, maji hupanda, huvuka ukingo wa risasi na kushuka katikati ya ukuta, mahali zilipo ncha za kenchi. Mwenye nyumba anaweza kukaa miaka bila kuona hata doa, kwa sababu uozo huanzia ndani kabisa. Mwambie mkaguzi apande na ngazi, apime urefu wa kila bamba la risasi na atafute nyufa. Bamba la unene wa milimita 3.5 halipaswi kuzidi mita 3 hivi, kwa kuwa joto likibadilika kwa nyuzi 50 bamba la urefu huo hutanuka na kusinyaa takriban milimita 4. Likiwa refu zaidi, au limepigiliwa misumari kila upande, linanyimwa nafasi ya kucheza na hatimaye hupasuka.

Kosa jingine huletwa na ukarabati wenyewe. Nyumba za zamani zilipitisha hewa kila mahali. Siku hizi huwekwa mfumo wa kupasha joto, na sufi nene hushindiliwa chini ya paa ili joto lisitoroke. Mvuke wa bafuni na jikoni ukifika chini ya risasi baridi hugeuka maji na kuila kwa chini. Ukiinua bamba unakuta unga mweupe. Risasi ambayo ingedumu zaidi ya miaka 100 inatoboka mapema mno. Uliza kama iliachwa nafasi ya hewa ya angalau milimita 50 kati ya sufi na mbao zinazobeba risasi. Fundi aliyefanya kazi vizuri atakujibu papo hapo na kukuonyesha mchoro.

Kwenye kuta, adui ni saruji. Mawe ya chokaa ya Uingereza ni laini, na chokaa iliyojaza viungo vyake inatakiwa kuwa laini zaidi ili unyevu utokee hapo. Ukijaza saruji, unyevu hukosa njia, hupitia kwenye jiwe, na uso wa jiwe hubanduka vipande. Aliyeona nyumba za matumbawe za Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja zilizopigwa plasta ya saruji anaujua ugonjwa huu. Kwaruza kiungo kwa ufunguo: chokaa hutoa unga, saruji inakataa. Tazama pia tarehe za kazi kwenye ankara. Chokaa iliyopigwa Desemba bila kufunikwa na magunia huenda iliganda kabla ya kukomaa, na itapukutika.

Tuje kwenye karatasi, ambazo katika biashara hii zina uzito sawa na mawe. Majengo ya kihistoria ya England yameorodheshwa kwa madaraja. La kwanza kabisa ni karibu asilimia 2.5 tu ya orodha. Kwa daraja lolote, kubadilisha kitu kinachogusa hadhi ya jengo, ndani au nje, kunahitaji kibali cha halmashauri, na kufanya bila kibali ni kosa la jinai ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka miwili. Mnunuzi hafungwi kwa kosa la aliyemtangulia, lakini amri ya kurudisha jengo kama lilivyokuwa inamfuata yeye, na haina ukomo wa muda. Ukuta uliobomolewa miaka 30 iliyopita ili kupanua jiko unaweza kuwa deni lako leo. Ulinzi huo hugusa hata vibanda, mazizi na kuta za bustani vilivyokuwepo kabla ya 1 Julai 1948, vikiwa ndani ya uwanja wa jumba. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua shauri la vyungu viwili vya mapambo vya risasi kutoka Idlicote House, Warwickshire, ambavyo mwenyewe alikuwa ameviuza mnadani akiamini ni mali ya kubebeka. Mahakama ilirudisha suala lichunguzwe upya kama kweli vinaweza kuitwa jengo, lakini hadi hapo mgogoro ulikuwa umeshamla miaka.

Kwa hiyo dai vibali vyote, michoro, picha za kabla na baada, na ripoti ya nyaya za umeme. Hiyo ya mwisho usiichukulie kama utaratibu tu. Clandon Park, Surrey, iliteketea Aprili 2015 kwa hitilafu iliyoanzia kwenye ubao wa umeme, na moto ukapanda haraka kupitia mianya iliyofichika ndani ya jengo. Uppark, Sussex Magharibi, iliungua Agosti 1989 ikiwa mikononi mwa mafundi waliokuwa wakichomea risasi za paa. Yote mawili ni majumba ya National Trust, shirika kubwa la hisani linalohifadhi majengo ya kale. Mtu binafsi asiye na bima ya gharama kamili ya kujenga upya, ambayo huzidi mbali bei ya kununulia, hawezi kuinuka baada ya moto wa namna hiyo.

Viunga husahaulika zaidi. Fedha za ukarabati huishia kwenye jumba, na ukuta wa bustani wenye urefu wa mamia ya mita hubaki umeinama. Ziwa la mapambo mara nyingi ni bwawa la karne ya 18 lililozuiwa kwa tuta la udongo. Likibeba zaidi ya mita za ujazo 25,000 juu ya usawa wa ardhi ya asili, linaingia chini ya Sheria ya Mabwawa ya 1975: lisajiliwe, na likihesabiwa kuwa la hatari kubwa, lisimamiwe na mhandisi aliyeidhinishwa na likaguliwe angalau kila miaka 10. Anayoyaagiza mhandisi kwa usalama ni lazima yafanyike, na kuimarisha tuta ni kazi ya fedha nyingi. Angalia pia miti iliyoota juu ya tuta, kwa kuwa mizizi ikioza huacha njia za maji. Popo darini wanalindwa kisheria. Paa halifunguliwi juu ya makazi yao bila leseni, na msimu wa kuzaa huweza kusogeza kazi kwa miezi. Njia ya umma inayopita shambani haifungwi kwa sababu mwenye nyumba amebadilika.

Kuna hesabu moja inayolipendelea gofu. Nyumba iliyokaa tupu miaka miwili au zaidi inaweza kukarabatiwa kwa VAT ya asilimia 5, ilhali matengenezo ya jumba linalokaliwa hulipiwa 20, hata likiwa la daraja la juu; nafuu ya sifuri kwa mabadiliko yaliyoidhinishwa ilifutwa Oktoba 2012. Kwenye kazi ya pauni milioni 1 tofauti hiyo ni pauni 150,000. Haitoshi kuziba pengo la gofu lililoharibika vibaya, ila kwa nyumba imara iliyochakaa tu inaweza kugeuza uamuzi.

Ushuru wa stempu nao usikushtue mezani. Kwa viwango vya sasa, makazi ya pauni milioni 2.5 hulipiwa 213,750. Mwenye nyumba nyingine anaongeza asilimia 5 ya bei yote, na nyumba ya Mombasa au Muscat nayo inahesabiwa. Asiye mkazi wa Uingereza anaongeza 2. Jumla inafika 388,750. Mali yenye shamba la kilimo au biashara ya kweli ndani yake hulipiwa kwa jedwali jingine, pauni 114,500 kwa bei ileile, na wengi wamejaribu kuziingiza bustani zao humo. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba ardhi isiyo ya lazima kwa kufurahia nyumba si sehemu ya makazi.

Kwa familia inayotaka kuishi humo, lililokarabatiwa ndilo chaguo letu, mradi limeshapita baridi tano na vibali vyake vimekamilika. Likiwa jipya kutoka kwa mafundi, wakili wako ajadili sehemu ya bei ishikiliwe hadi majira mawili ya baridi yapite na vipimo vya unyevu kwenye ncha za boriti vishuke chini ya asilimia 20. Muuzaji akigoma, punguza bei kwa gharama ya kufungua na kukarabati mtaro wote wa paa, au tafuta jumba lingine.