Faini moja, mifuko miwili

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kauli hii husikika kila mkubwa anapopandishwa kizimbani. Lakini ukiangalia faini, adhabu inayotolewa kila siku mahakamani, utaona msumeno huo una meno makali upande mmoja tu. Hakimu anatamka kiasi kilekile kwa mwenye kampuni na kwa kibarua. Wa kwanza analipa dirishani na kurudi kwenye shughuli zake. Wa pili anaanza kupigia simu ndugu mmoja mmoja, na jioni ikimkuta hajapata kitu, anaingia kwenye karandinga. “Faini au kifungo”, kwa vitendo, ni faini kwa wenye nazo na kifungo kwa wasio nazo.

Kifungu cha 7 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Hakisemi kama usawa huo ni kutozwa kiasi kimoja au kuumia kiasi kimoja, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Finland ilichagua kuumia kiasi kimoja tangu mwaka 1921, ilipoanzisha faini za siku. Uzito wa kosa unaamua idadi ya siku, na kipato cha mkosaji kinaamua thamani ya kila siku. Hesabu yenyewe si ngumu: chukua kipato cha mwezi baada ya kodi, toa euro 255, gawa kwa 60. Mtu anayebakiwa na euro 1,455 kwa mwezi, siku yake moja ni euro 20. Anayebakiwa na euro 30,255, siku yake ni euro 500. Kosa la siku 12 litamgharimu wa kwanza euro 240 na wa pili euro 6,000. Mwaka 2002 mmoja wa wakurugenzi wa Nokia alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kwa kilomita 75 kwa saa mahali penye kikomo cha 50.

Ukisikia hivyo, pengine unapiga makofi. Wanaopinga, hata hivyo, wana hoja za kusikilizwa. Aristotle alishasema kwamba sheria inaporekebisha dhuluma huangalia madhara tu, na haijali kama aliyedhulumu ni mtu mwema au mbaya. Mtoto anayevuka barabara yuko hatarini sawasawa, awe dereva ana mamilioni au hana kitu. Kwa nini basi bei ya kosa itafutwe kwenye akaunti ya benki? Pia, faini iliyoandikwa kwenye sheria kila mtu anaijua kabla hajakosea, na hakuna wa kuipandisha wala kuishusha. Mpe askari au karani kazi ya kukadiria kipato cha mtu, na utakuwa umefungua mlango wa “tuelewane”. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi.

Ile ya Aristotle, kwangu, haifiki mbali. Faini si fidia. Aliyegongwa atalipwa gharama zake kwa bima au kwa kesi ya madai, na huko hasara ni hasara, haiangalii nani tajiri. Faini ni adhabu: inatakiwa kuuma ili mtu asirudie. Tena tukimfunga mtu, tunachukua muda wa maisha yake, na miezi mitatu ya tajiri ni miezi mitatu kama ya maskini. Faini ya siku inajaribu kuleta kipimo hichohicho kwenye pesa. Kiasi kimoja kwa wote, kwa mwenye mali, kinageuka kuwa ada ya kibali: lipa, endelea.

Shida iko kwenye utekelezaji, na Uingereza ilionja. Oktoba 1992 mahakama za England na Wales zilianza kutoza faini kwa vipimo vya kipato. Mtu mmoja aliyetupa pakiti tupu ya krispi chini alijikuta anadaiwa pauni 1,200. Hakuwa tajiri, hakutoa taarifa za kipato chake, basi akawekwa daraja la juu kabisa. Magazeti yalicheka, mahakimu walinung’unika, na mwaka 1993 mpango ukafutwa. Kilichoanguka pale ni fomu, wala si wazo.

Hata Finland, yule mkurugenzi alikata rufaa, akaonyesha kwamba kipato chake kilikuwa kimeporomoka, na faini ikashuka hadi chini ya euro 6,000. Mfumo huu unafanya kazi pale serikali inapojua kipato cha kila mtu kwa uhakika. Pale ambapo wengi wanaishi kwa kipato kisichoandikwa popote, utamkamata mwalimu, ambaye mshahara wake unaonekana hadi senti ya mwisho, na kumkosa mfanyabiashara mwenye maghala yaliyoandikishwa kwa jina la shemeji yake.

Kuna njia ya kuikwepa hesabu hiyo kabisa. Mwaka 2019, kwenye barabara ya Tallinn kwenda Rapla, polisi wa Estonia walijaribu kuwapa madereva waliozidisha mwendo nafasi ya kuchagua: lipa faini, au kaa pembeni ya barabara dakika 45 hadi saa nzima. Wazo hili linanivutia, kwa sababu anayeendesha kasi anataka kuokoa muda, naye ananyang’anywa muda huohuo. Kufungiwa leseni nako hakuulizi salio. Ila tusijidanganye: saa moja ya mtu anayelipwa kwa siku si sawa na saa ya mwenye mshahara wa mwezi.

Ujerumani, yenye faini za siku tangu 1975, bado iliendelea kuwafunga walioshindwa kulipa, kifungo cha siku moja kwa kila siku moja ya faini. Tangu Februari 2024 siku moja gerezani inafuta siku mbili za faini, lakini maskini bado wanaingia. Kwa hiyo mimi nisingeanza na tajiri na euro zake 116,000, habari tamu kwa magazeti. Ningeanza na swali ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani ililazimisha liulizwe katika kesi ya Bearden mwaka 1983: huyu amekataa kulipa, au hana? Swali hilo halihitaji kompyuta ya mamlaka ya kodi. Linahitaji hakimu aulize kabla ya kusaini hati ya kifungo, na akijibiwa “sina”, apange malipo ya awamu au kazi za jamii.