Hawakuwa Chawa

Kabla hamjaendelea kurushiana ile sauti ya shosti wangu kwenye makundi yenu, naomba nisikilizwe. Sikukimbia. Sikupitia dirishani. Hakuna aliyenipulizia dawa ya mbu. Na zaidi ya yote, wale mnaoambiwa walikuwa wananishuka usoni hawakuwa chawa.

Zilikuwa mbegu za kitani.

Wenye kipilipili mmeshaelewa, mnaweza kuendelea na shughuli zenu. Kwa wengine: mbegu za kitani unazichemsha mpaka zitoe ute, unachuja, unapaka nywele zikiwa mbichi, na ukikauka, mikunjo inakaa palepale ulipoiacha. Ujanja ni kuchuja ute ungali wa moto, kwa sababu ukipoa unakuwa mzito, haupiti popote. Sisi tulichujia kwenye soksi ndefu za kike, zile nyepesi. Mimi nimeshika juu, shosti anakamua chini. Kati yetu, mwenye kucha za kubandika alikuwa nani? Sitaji. Soksi ikapasuka.

"Zimepita mbili tatu tu," akasema. "Kwenye nywele zote hizo nani ataziona?"

Huyo ndiye anayewasimulia leo.

Ningekuwa natoka kwenda dukani, yangepita. Lakini nilikuwa nimealikwa kuzungumza mbele ya ukumbi mzima wa wanawake, mada: "Nywele Zangu, Fahari Yangu." Na nilijiandaa mpaka nikajiogopa. Kemia nilikuwa nayo, kwamba zile dawa kali za kulainisha nywele zina sodiamu haidroksaidi, hiyohiyo wanayozibulia mabomba ya sinki. Historia ninayo. Na kipande cha mwisho cha kuinua watu vitini, jinsi California ilivyokuwa jimbo la kwanza Marekani, mwaka 2019, kupitisha sheria inayokataza mtu kubaguliwa kazini au shuleni kwa sababu ya nywele zake za asili. Hicho kipande hakuna aliyekisikia. Bado ninacho, anayekitaka aje inbox.

Ukumbi ulikuwa na joto, na taa ya jukwaani ilinipiga utosini. Sasa, ute wa kitani una tabia moja ambayo watu hawaisemi: ukikauka haujafa, umelala tu. Ukipata maji unaamka. Na jasho ni maji.

Kwenye hotuba nimefika kipande cha Louisiana, huko Marekani. Nawaeleza kwamba mwaka 1786 gavana Esteban Miró alitoa amri kuhusu wanawake weusi walio huru, waliokuwa wanajipamba wakapendeza kuliko alivyotaka yeye. Watu wametulia. Hapo nikahisi kitu cha baridi kwenye ukingo wa nywele, upande wa kushoto. Sikugusa, maana tulifundishwa ukiwa jukwaani usijishikeshike uso. Kile kitu kikasogea. Kikasimama, kama kinauliza njia. Kikaendelea, kikaizunguka nyusi, kikateremka pembeni mwa jicho, taratibu kabisa, kikiacha mstari unaong'aa nyuma yake.

Mstari wa mbele alikaa binti mdogo mapajani kwa mama yake, nywele zake kama zangu, na tangu nianze hakuwa amebandua macho kwangu. Mimi nikajua nimempata. Nikajisemea, mwone huyu, leo anajiona mwenyewe jukwaani, akikua hatamsahau dada huyu. Nikamtabasamia. Mbegu nyingine ikaanza safari upande wa kulia.

Binti akanyoosha kidole.

"Mama," akasema, kwa ile sauti ambayo watoto huiweka akiba wangojee ukumbi unyamaze, "chawa anatembea."

Bora wangecheka. Viti vya mbele vilirudi nyuma kwa pamoja, krrrr. Mama mmoja akajikuna. Aliyekaa naye akajikuna. Chawa hata hakuna haja ya kuwepo, ukimtaja tu kichwa kinawasha (na wewe unayesoma, shusha mkono, nimekuona). Safu kwa safu, ukumbi mzima ukawa unajikuna, na mimi nimesimama na maiki nasema "hapana, hawa siyo, hizi ni, jamani hizi ni mbegu," na mbegu mojawapo, kwa kutaka kunisaidia ushahidi labda, ikadondokea kwenye maiki. Spika za pale ni nzuri sana. Ilisikika mpaka mlangoni.

Nikaona nishike historia, huenda ikaniokoa. Nikamalizia sentensi yangu ya Louisiana kwa sauti ya heshima: "...wakaamriwa wafunike vichwa."

"Na wewe funika, mwanangu!" Bibi mmoja, kutoka nyuma kabisa.

Mcheke, ila niwaambie paliponiuma. Tangu niache dawa nimeambiwa hizi nywele ni uchafu, zinafuga wadudu, chana basi ufanane na watu. Kazini nimeambiwa, mashangazi wameniambia, hadi msibani mtu aliacha kulia ili aniambie. Miaka yote nawajibu mmojammoja. Siku ninapewa maiki niwajibu wote kwa mpigo, kichwa changu mwenyewe kinaenda kusimama upande wa mashtaka.

Basi bibi akapanda jukwaani. Hakuuliza, akaniinamisha, akanichambua mbele za watu, akapata mbegu, akaisogeza karibu na miwani. "Hana miguu," akatangaza. Ukumbi ukashusha pumzi. Mwingine akauliza kama ni kupe. Tukaelezana. Bibi akavua mtandio wake akanifunga kilemba, na kwa kweli kilinikaa kuliko mtindo niliouhangaikia usiku kucha. (Wale wanawake wa Louisiana nao waliigeuza amri ya gavana kuwa urembo, wakafunga vitambaa vya rangi kali vya kuvutia macho. Hilo lilikuwa ukurasa unaofuata.) Baadaye wengine walinifuata pembeni kuomba maelekezo ya ute, nikawapa, nikasisitiza soksi. Mama wa yule binti aliniomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Binti hakuomba radhi, aliomba mbegu.

Jana waandaaji wamenipigia. Wanasema watu wananiulizia sana, wanaomba nirudi kuzungumza. Nikavimba, nikarekebisha sauti, nikauliza safari hii mada ni ipi.

Usafi wa kichwa.