Kifuniko Kikishuka, Kompyuta Inakoroma

Nauliza kwa heshima zote: nani alimwambia mtengenezaji wa laptopu kwamba mtu akifunga kifuniko basi naye ameenda kulala? Tunafunga kwa sababu ni Novemba, na nsenene, wale panzi wa kuliwa, wakiona mwanga wanatua kwenye kioo kama wageni wa harusi. Nsenene kwenye kikaango ni neema, kwenye kioo ni kero. Unafunga ili bando ya usiku iendelee kushusha faili la GB 4. Asubuhi unafungua: asilimia 11, na bando imeisha muda.

Haya, Windows. Control Panel, Power Options, upande wa kushoto kuna mstari wa “Choose what closing the lid does”. Utakuta safu mbili, ya betri na ya umeme. Zote weka “Do nothing”, yaani kutofanya kitu, kazi ambayo shemeji anaifanya tangu Krismasi bila kuelekezwa. Ukijaza safu ya umeme tu, yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha saa nane usiku mashine inarukia ya betri na kulala fofofo, hotspoti ya simu ikiwa hewani inamsubiri nani sijui. Bonyeza Save changes. Kisha muda wa kulala nao uweke Never, maana hao ni wakubwa wawili wasiosalimiana: unambembeleza wa kifuniko, wa saa anakuzimia.

Lakini nyumba za kupanga hazikosi mtaalamu. Anakuja na kandambili, mswaki mdomoni.

“Ssebo, mipangilio ya nini? Weka kalamu katikati.”

“Kalamu?”

“Kifuniko kisifike chini.”

Kinachoudhi ni kwamba hajakosea. Kwenye ukingo wa kioo mna sumaku ndogo, na chini, kwenye kibodi, mna kihisi. Vikikaribiana mashine inajua umefunga. Kalamu inavitenganisha. Ila mtaalamu hayupo mtoto anapoweka kitabu cha hesabu juu ya kifuniko, kioo kikapasuka palepale kalamu ilipolala. Ukimwita anasema kalamu ilikuwa nene. Nene! Akiwa bado anaeleza unene, analaza simu yake yenye kava la sumaku pembeni mwa kibodi. Kioo kinazima.

“Umeona? Virusi.”

Kava, ssebo! Kava! Unaiondoa simu, mashine inaamka. Anaitazama simu yake kwa huzuni. “Basi vimehamia huku.”

Mashine ikikesha lakini Wi-Fi ikasinzia, ingia Device Manager, fungua kadi ya mtandao, na kama ina ukurasa wa Power Management, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima. Wa Linux: HandleLidSwitch=ignore ndani ya /etc/systemd/logind.conf, ufute alama ya reli (#) mbele ya mstari, uwashe upya. Wa Mac, amri ya caffeinate, inayoizuia mashine kulala, haizuii usingizi wa kifuniko. Ili ikeshe ikiwa imefungwa, Mac kwa kawaida inataka chaja, skrini ya nje na kibodi. Hayo ni maisha ya watu wenye meza.

Na usiifunge ikiwa macho ukaitia kwenye begi au juu ya godoro. Itachemka, feni ipige kelele kama boda inayopanda kilima cha Mutundwe, jirani aanze kugonga ukuta. Jirani yupi? Huyohuyo mwenye taa kubwa ya ulinzi, anayewavuta nsenene wa mtaa mzima. Ndoo mbili kila usiku, na hata kikombe kimoja haleti.