Sikukimbia uchi, nilikuwa na kopo

Wadau, najua imeshawafikia. Jamaa yangu wa chumba cha pili kairusha kwenye magrupu matatu tangu jana usiku, na leo asubuhi kinyozi kaniuliza, wembe uko shingoni kwangu, kama ni kweli nilitoka mbio hadi barabara ya lami kama nilivyozaliwa. Uongo. Lami sikufika, niliishia kwenye karo. Na sikuwa uchi. Nilikuwa na kopo.

Jana jioni tulikusanyika chumbani kwangu kuangalia Psycho, ile ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Niliyeileta ni mimi, na mjuaji wa kikao ni mimi. Mnanijua. Jamaa alipochelewa dakika kumi nikamfungia mlango, nikamwambia kupitia dirishani kwamba Hitchcock mwenyewe alikataza majumba ya sinema kuingiza mtu filamu ikishaanza, sasa mimi ni nani nivunje wosia wa marehemu. Akaiangalia yote akiwa amesimama nje, kidevu kwenye nondo. (Kaburi langu nililichimba hapo. Tuendelee.)

Kwa ambao hamjaiona: dada mmoja, Marion, anakwapua dola 40,000 za kazini, anatoroka na gari, mvua inamzidi, anaingia moteli iliyosahaulika kando ya barabara. Mwenye moteli ni kijana mpole, na mama yake yuko kwenye jumba la juu kule kilimani. Usiku ule dada anajutia. Anapiga hesabu kwenye karatasi, anaamua kurudisha hela, anaichana ile karatasi, anaingia kuoga roho kwatu. Basi. Pazia linavutwa. Na huyo ndiye Janet Leigh, nyota mwenyewe, kauawa filamu haijafika hata nusu.

Wenzangu walipiga yowe. Mimi nikasimamisha filamu ili niwaelimishe. "Hiyo damu ni shira ya chokoleti. Huo mlio wa kisu ni tikiti linachomwa. Kipande cha kama sekunde 45 kimepigwa kwa siku saba. Kinachowatisha ni fidla za Bernard Herrmann tu, na Hitchcock alitaka pasiwe na muziki kabisa, alipousikia ndiyo akabadili mawazo. Mtu mzima unaogopaje tikiti?"

Hilo swali la tikiti, jamaa pale dirishani alilimeza lote.

Saa nne na nusu, joto la Dar mnalijua, nikachukua ndoo yangu ya rangi nikaenda kuoga. Bafu letu liko uani, mlango ulishaliwa na mvua za masika, siku hizi tunaning'iniza nailoni nyeupe. Nyuma yake kuna taa ya uani. Sasa niwaambie jambo ambalo jamaa hakuliweka kwenye magrupu kwa sababu halijui: nadaiwa kodi ya miezi miwili. Na jioni ileile, filamu ikiendelea, nilikuwa nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya luku, nikaamua tarehe 5 nalipa yote. Kwa hiyo na mimi niliingia bafuni roho kwatu.

Nikajipaka sabuni ya kipande kuanzia kichwani. Macho nimefumba, napapasa kopo. Nikasikia fidla.

Nchwi! Nchwi! Nchwi!

Nikacheka. Ni jamaa, karudisha kile kipande chumbani kwake asikilize hilo tikiti. Nikafumbua jicho moja, lile lenye sabuni kidogo. Kwenye nailoni kuna kivuli.

Nawaeleza polepole kwa sababu ilikwenda polepole. Kichwa, na fundo kisogoni. Bega la kulia limepanda kidogo, na mkononi kuna kitu chembamba kinaelekea juu. Halafu ukingoni mwa nailoni vikatokea vidole. Vinne. Vinametameta. Nilisikia harufu ya samaki kabisa, lakini akili yangu muda huo haikuwa na nafasi ya samaki. Fidla nchwi, nchwi, pazia srrr.

Mama mwenye nyumba. Kanga kifuani, kilemba kimefungwa nyuma, kisu cha kukwangulia magamba mkononi.

Nilikusudia kupiga kelele. Kinywa kikatoa kilichofundishwa tangu utotoni: "Shikamoo!"

Naye, mtu wa heshima zake, kisu kiko hewani: "Marahaba."

Kimya. Tone likadondoka kutoka kwenye kopo, nikalisikia likifika chini. Ndipo yowe lilipotoka, langu likitangulia lake.

Kumbe mtaro ulikuwa umeziba, maji yangu yanamrudia kwenye samaki wake, akadhani ni mjukuu wake anachezea maji bafuni. Angeniuliza. Ningemjibu. Badala yake nilipita baina yake na ukuta, kopo mbele, na kwa faida ya kumbukumbu ni lile kopo la siagi la nusu kilo, siyo la kilo, kwa hiyo wenye maswali ya ziada wayaache. Nikapiga teke beseni, changu sita wakaruka, nikaenda kukaa kwenye karo. Taa za vyumba vyote zikawaka.

Samaki nimelipa. Goti limevimba. Watoto wa uani wakiniona na ndoo wananipigia fidla kwa mdomo, na yule mdogo wa miaka minne anazipatia kuliko wote.

Leo mchana mama mwenye nyumba kamwagiza jamaa amwonyeshe hiyo filamu iliyonitia wazimu. Kaitazama yote, mkono shavuni, hakushtuka hata pale kwenye pazia. Lakini kuna mahali yule kijana anamwambia Marion kwamba ana vyumba 12, na vyote 12 ni vitupu. Hapo aliguna. Ilipoisha akasema, "Vyumba 12 havina mtu, mteja kaja mmoja, na huyohuyo unamwua?"

Kisha akanigeukia.

"Na wewe baba, tarehe ngapi?"