Fedha za Mgeni Hulala Wapi?

Kila takwimu za watalii zinapotangazwa, sisi wakazi wa Moshi hufurahi, na tunayo sababu. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni wapatao milioni 1.5, na mwaka 2023 walifika milioni 1.8. Fedha za kigeni wanazotuachia ndizo zinazotusaidia kuagiza mafuta na dawa, wala si jambo la kubeza. Hata hivyo, kuhesabu waliokuja ni kazi nyepesi. Zito ni kujua kiasi gani cha fedha zao kililala hapa baada ya wao kuondoka.

Tuchukue safari ya siku sita ya kupanda Kilimanjaro. Mara nyingi mgeni huinunua akiwa kwao, kwa wakala wa London au Berlin, na kabla hajafunga begi lake, sehemu ya wakala na nauli ya ndege ya kigeni zimekwisha kubaki hukohuko. Katika kinachotufikia hutolewa ada za hifadhi, nami sizinung'unikii hata kidogo, kwa kuwa mlima huu ni miongoni mwa hifadhi chache zinazoingiza kuliko zinavyotumia, na ziada yake husaidia kuendesha hifadhi zisizopata wageni wa kutosha.

Baada ya hapo ndipo tunapofika kwa watu. Ukienda lango la Machame asubuhi, utawakuta vijana wamepanga foleni mbele ya mizani, kwa sababu mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20. Furushi likizidi kidogo tu hufunguliwa palepale, na sufuria ikahamia kwa mwenzake. Mgeni mmoja huhitaji wapagazi watatu au wanne, mbali na mpishi na mwongozaji. Ujira wa kijana huyo, akishuka salama, haupandi ndege: unageuka bati, ada ya mdogo wake, mbuzi wa kufuga. Kwa hiyo kampuni inayompunja mpagazi ili ishushe bei ya safari inaupunja mji mzima, na kwa maoni yangu inastahili kufutiwa leseni bila kuonewa haya.

Upande wa mboga naujua kwa mikono yangu. Kwa misimu miwili niliipelekea hoteli moja ya hapa karoti na pilipili hoho. Karoti zilitakiwa ziwe zimenyooka, zimeoshwa, na zifike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na nilitimiza yote. Lakini malipo ya Julai yalikuja Novemba, wakati nilikwisha kukopa fedha za mbegu na mbolea kwa riba. Mkulima mdogo hana uwezo wa kumkopesha mwenye hoteli. Nikarudi kuuza kwa mafungu sokoni Mbuyuni, ambako bei ni ndogo lakini fedha unaziona siku hiyohiyo. Sharti la kumlipa mkulima ndani ya siku 30, likisimamiwa kweli, lingezilaza hapa fedha nyingi kuliko matangazo tunayoyagharamia ng'ambo.

Kisha kuna hasara ambayo huonekana pale tu wageni wanapokatika. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, idadi yao ilishuka hadi takriban 620,000, na mlimani kukawa kimya. Wapagazi waliokuwa na kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, walirudi kwenye migomba na kahawa ya wazazi wao, wakala na wakalala. Wale ambao familia zao zilikwisha kuuza kihamba kwa wajenzi wa nyumba za wageni, wakati bei ya ardhi ilipokuwa imepandishwa na utalii huohuo, walirudi kwenye vyumba vya kupanga, na kodi haikuwa imepungua hata shilingi. Ndiyo maana nawasihi wazee wa koo zetu: mwekezaji akija na fedha zake, akodishwe kwa mkataba wa miaka inayohesabika, asiuziwe.