Jeni Zinazohama na Maji ya Sabaki

Mvua ikinyesha sana bara, bahari ya Malindi hugeuka nyekundu. Ni udongo wa Sabaki, mto ule ule unaoitwa Athi huko juu, na ambao hupokea maji ya mto Nairobi pamoja na uchafu wa jiji. Swali linalonikera ni kubwa kuliko matope: uchafu huo unafanya nini kwa planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea baharini, ambavyo jeni zake nyingine hazitulii mahali pamoja?

Jeni tulizozoea hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Hizi zinazohama huchomoka, hujipachika kwingine, au hubebwa na virusi hadi kwa kiumbe jirani. Barbara McClintock aliyezigundua kwenye mahindi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Kabla ya hapo, mwaka 1980, wanasayansi Leslie Orgel na Francis Crick walisema sehemu kubwa ya DNA ya namna hii ni kupe: inajizidisha tu, aliyeibeba hapati kitu.

Baharini hoja hiyo hainitoshi. Mtazame Prochlorococcus, bakteria anayeishi kwa mwanga wa jua kwenye bahari za joto. Wengine wa jamii hiyo wana jeni takriban 2,000 tu. Kwa akiba ndogo hivyo, jeni inayokuja na mgeni ni mali. Mwaka 2023 watafiti walieleza vipande vinavyohama ndani ya bakteria hawa, vikiwa vimebeba jeni za kujipatia naitrojeni, kirutubisho adimu kwenye maji ya juu ya bahari hizo. Hata virusi vinavyowaua vimebeba jeni za usanisinuru, ili seli iendelee kuvuna jua huku virusi vikizaliana ndani yake. Kupe gani huyo anayekuja na chakula chake?

Lakini njia hiyo hiyo ndiyo iliyompa bakteria wa kipindupindu sumu yake: mwaka 1996 ilithibitishwa kuwa jeni za sumu hiyo huletwa na virusi. Bakteria huyu hujishika kwenye magamba ya kopepodi, viumbe wadogo wa jamii ya kamba, na kitini, kemikali inayounda gamba hilo, humwamsha aanze kumeza DNA iliyo majini. Jeni za kushinda dawa za kuua bakteria nazo husafiri hivyo.

Kwa hiyo mbali na pwani naziona jeni hizi kuwa neema. Mtoni hapa nasita, kwa sababu mabaki ya dawa yanapoingia majini, bakteria anayezistahimili ndiye anayebaki na kuzaa. Atakayenipinga atasema kukuta jeni si kukuta ugonjwa, na vipimo vyake ni ghali. Ni kweli, yote mawili. Ila kipimo cha vijidudu vya kinyesi peke yake hakiwezi kuonyesha jeni iliyokwisha kuhamia kwa bakteria mwenyeji wa bahari. Ningependa sampuli zichukuliwe mdomoni mwa Sabaki, kiangazi na masika, na kopepodi wachunguzwe pamoja na maji.